Naombeni ushauri: waridi la jangwani kwenye udongo wa mfinyanzi

Mpenda Maua
Habari zenu wadau. Maji kwangu ni ya kubana, kwa hiyo nimeamua bustani ya mbele iwe na mimea inayovumilia ukame tu. Nimechagua waridi la jangwani, kwanza kwa kuwa ni mmea wa asili wa Afrika, halafu huchanua hata wakati nyasi zimeshakauka. Nina vijiti nilivyopewa na jirani, na mbegu pia ninazo. Shida ni udongo: mfinyanzi mtupu, mvua ikinyesha maji yanatuama. Nipande kijiti au mbegu? Nimwagilie mara ngapi? Na ni kweli una sumu? Nina watoto wadogo.

Fundi Miche
Mkuu, anza na udongo, maji baadaye. Mmea huu hauuawi na ukame, unauawa na maji yaliyotuama. Lile shina nene la chini ndiyo ghala lake la maji. Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, na uozo unapanda hadi shinani. Tafadhali usichimbe shimo kwenye mfinyanzi ukalijaza mchanga. Litageuka bakuli: maji yote ya udongo unaolizunguka yataingia humo na hayana pa kutokea. Inua tuta la futi moja hivi, mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo viwe vingi kuliko udongo, kisha panda juu yake.

Mama Kitalu
Ukiwa na subira, mbegu. Mche wa mbegu hunenepa shina tangu mdogo. Kijiti huwahi kuchanua na hutoa rangi ileile ya mama yake, jambo ambalo mbegu haikuhakikishii, ila shina lake mara nyingi halinenepi vile. Ukipanda kijiti, kiache kivulini siku kadhaa mpaka pale ulipokata pakauke.
Sumu ni kweli kabisa. Utomvu wake hudhuru moyo. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapokata, nawa mikono, na usiupande wanapochezea watoto au wanapopita mbuzi.

Jembe Dogo
Mimi namwagilia kila siku na hauna neno.

Fundi Miche
Jembe Dogo, labda udongo wako ni kichanga. Kwenye mfinyanzi sikubaliani nawe hata kidogo. Wakati wa joto, mmea ukiwa na majani, mwagilia maji yashuke hadi mizizini, halafu acha mpaka udongo ukauke ndani. Ingiza kidole, ukihisi unyevu, ondoka. Mmea ukipukutisha majani kwa ukame au baridi usiogope, umelala tu, punguza maji zaidi. Bonyeza shina: likiwa gumu ni zima, likibonyea na kuwa laini chini kabisa, huenda ni uozo.

Mpenda Maua
Asanteni sana, nimeelewa. Samadi je?

Mama Kitalu
Mbichi usiweke kabisa. Iliyooza vizuri, kiasi kidogo, majani mapya yanapoanza. Ukizidisha utapata majani mengi na maua haba. Kinacholeta maua hasa ni jua, saa sita kwa siku au zaidi. Hapo mbele linapiga saa ngapi hadi saa ngapi?

Mpenda Maua
Saa tatu asubuhi mpaka kwenye saa kumi.

Mama Kitalu
Panafaa. Inua tuta kabla mvua hazijaanza.