Uchangamfu uliopitiliza: hulka au ugonjwa?

Kipepeo77: Wakuu, shemeji yangu analala saa nne. Alfajiri ashafua, ashapiga simu tano, ana biashara tatu na zote zinatembea. Sijawahi kumwona kanuna. Binti mmoja anayesomea udaktari kaniambia hiyo inaitwa haipathimia, na ni jirani wa baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda juu na kuzama chini. Sasa furaha nayo ni ugonjwa?

Mzee wa Kokoto: Mimi nalala saa tatu usiku na siumwi.

Kipepeo77: Masaa manne, mzee. Kwa usiku mzima.

Mzee wa Kokoto: Basi sema hivyo. Wazungu hawa kila kitu wanakibandika jina wauze vidonge. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo mpaka tunamzika.

Nesi Mstaafu: Hakuna aliyesema anaumwa. Hata kwenye DSM, kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, haimo kama ugonjwa. Ni hulka. Kraepelin, daktari wa akili Mjerumani, aliieleza zamani, Akiskal, daktari mwingine mzaliwa wa Beirut, akaja kuitengenezea dodoso. Ila huonekana sana kwenye koo zenye baipola. Tazama mabadiliko: mtu ghafla halali na hachoki, pesa anamwaga, siku nne mfululizo au zaidi, nyumbani wanasema huyu siye. Shemeji kama ni hivyo tangu utoto, mwacheni afue.

Dogo_Temeke: Kwa hiyo maMC wote wa harusi wapelekwe Mirembe 😂

MC Kidevu: Dogo, heshima. Mwaka wa 12 nashika maiki. Nikitoka ukumbini nalala mpaka adhuhuri, nyumbani hata salamu sina. Ule uchangamfu unalipiwa. Tatizo ninyi mnaotoa laki moja mkitaka mtu aruke kama kumbikumbi.

Mzee wa Kokoto: Laki? Kwa binti yangu tulitoa milioni, na alikuja keki imeshakatwa.

MC Kidevu: Huyo alikuwa MC au dalali?

Kipepeo77: Jamani, shemeji yangu.

Kimya Kimya: Mimi nilikuwa huyo shemeji. Waliniita Jenereta. Siku moja likazima: sonona, wiki nzima sinyanyuki. Daktari akanipa dawa za sonona peke yake. Sikumwambia habari za Jenereta, nani anaenda hospitali kulalamika kwamba ana nguvu? Wiki ya tatu nikauza kiwanja nifungue kiwanda cha barafu. Ndipo wakajua ni baipola. Sasa natumia lithiamu, napimwa damu. Ukienda, eleza na siku nzuri.

Dogo_Temeke: Kwa joto hili barafu ingelipa lakini.

Nesi Mstaafu: Dogo! Ndiyo maana watu hawasemi.

Dogo_Temeke: Samahani bi mkubwa. Pole, Kimya.

Kimya Kimya: Aah, hata mke wangu anasema hivyohivyo, barafu ingelipa. Kinachomuuma ni kiwanja.

Mzee wa Kokoto: Pole mkuu. Bibi yangu lakini alikuwa mzima.

MC Kidevu: Mzee, huyo wa milioni ni nani? Njoo inbox.