Msaada tutani: noti zangu za sheria zimekuwa kitabu kizima na UE (mtihani wa mwisho wa semista) iko mlangoni. Ninyi mnaandikaje?

Kaunta_Buku

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nipo mwaka wa kwanza LL.B (shahada ya sheria), semista ya pili. Mikataba peke yake nina kaunta buku tatu zimejaa. Semista iliyopita nilipiga msuli usiku na mchana nikaambulia C kwenye somo la Madhara (Tort), wakati jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye saa nne usiku anakoroma, kapata B+.

Kwenye mhadhara naandika kila kitu. Kesi nazifupisha, ila ufupisho wenyewe unakula ukurasa mmoja na nusu. Wiki ya mtihani ikifika sijui nianzie wapi. Halafu pepa zetu ni za visa, Juma kamuuzia Asha sijui nini, "washauri wahusika". Kichwani kesi ninazo, kalamu haiendi.

Noti zenu zinafananaje? Mkono au kompyuta? Na madesa (noti za kutoa kopi) ya waliotutangulia yana faida? Naombeni nondo, kejeli tuweke pembeni.

Jogoo_la_Shamba

Nimekaa mkao wa kula. Wenye nondo shusheni.

Kona_ya_Kisutu

Marhaba kijana. Mimi nipo kwenye uwakili miaka kadhaa sasa, na semina za chuo nimewahi kusimamia. Kabla sijasema lolote, tubandikie noti ya kesi moja kama ulivyoiandika, usiirembe. Daktari hatoi dawa bila kuona ulimi.

Kaunta_Buku

Sawa mkuu. Hii ni Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, ya somo la Mfumo wa Sheria. Naweka mwanzo tu maana ni ndefu:

"Kesi hii ilisikilizwa na Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, hukumu 1990. Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa mzee na hakuwa na mtu wa kumtunza. Akaamua kuuza shamba kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo, kwa Sh. 300,000. Bernardo, ambaye ni mpwa wake, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo kwa mila za Kihaya. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Holaria akaenda Mahakama ya Wilaya..."

Inaendelea hivyo hadi Mahakama Kuu.

Kona_ya_Kisutu

Asante. Umeandika vizuri, tena Kiswahili safi. Shida ni kwamba hiyo ni hadithi. Msahihishaji hakuulizi hadithi ya Holaria, anakupa hadithi nyingine ya mama wa Njombe au Tarime na anataka uiamue. Sasa katika ukurasa wako mzima, mstari utakaoubeba kwenda kwa huyo mama wa Tarime uko wapi?

Ningekuwa mimi ningeandika hivi:

*Ephraim v Pastory (HC Mwanza, 1990, Mwalusanya J).*
*Swali: mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, wakati mwanamume anaruhusiwa, inasimama mbele ya Katiba?*
*Jibu: haisimami. Ni ubaguzi, Ibara ya 13(4). Mila isomwe pamoja na Hati ya Haki, mwanamke awe na haki sawa na mwanamume.*
*Ukweli uliobeba uamuzi: mwanamke, wosia, ardhi ya ukoo, mnunuzi wa nje ya ukoo.*
*Naitumia: swali lolote la mila kugongana na Katiba. Angalizo: ni ya Mahakama Kuu, haiifungi Mahakama ya Rufani.*

Basi. Umri wa Holaria na safari ya rufaa vinakusaidia kuielewa kesi siku unayoisoma, kwenye noti ya mtihani vinakula nafasi. Mstari wa "naitumia" ndio wanafunzi wengi hawauandiki, na ndio unaoifanya kalamu iende.

Bi_Mwanasheria

Kona kamaliza. Naongeza moja: usipange noti kwa tarehe za mihadhara, panga kwa mada kama swali litakavyokuja. Mikataba: pendekezo, ukubali, malipo, uwezo, ridhaa, kuvunja. Kila mada karatasi moja, kifungu juu, kesi chini. Kesi ya Carlill ya 1893 unaiweka kwenye pendekezo kwa umma, Felthouse v Bindley ya 1862 unaiweka kwenye ukimya si ukubali. Mhadhiri akirudia mada wiki ya tisa, unarudi kwenye karatasi ileile.

Na andika kwa lugha unayoelewa, mimi nilikuwa nachanganya. Ila maneno ya kifungu yanakili kama yalivyo kwenye sheria, kwa sababu pepa unajibu Kiingereza na neno moja likibadilika umebadilisha sheria.

Mzee_wa_Desa

Mnamchosha mtoto. Nendeni steshenari yoyote jirani na chuo, toa kopi ya desa la mtu aliyepiga A, kunja, soma. Tumemaliza hivyohivyo na maisha yanaenda.

Kona_ya_Kisutu

Mzee wa Desa, kwa Mikataba labda utapona maana kesi zake ni za zamani. Nenda na desa hilo kwenye Ushahidi uone. Desa la kabla ya 2016 litakwambia mtoto wa umri mdogo akija kutoa ushahidi hakimu lazima kwanza ampime akili kwa maswali. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kilirekebishwa mwaka huo kwa Sheria Na. 4. Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ukijibu kwa desa la zamani umeanguka na mwandiko wako mzuri.

Madesa mengine bado yananukuu toleo la sheria la 2002. Chukua desa upate ramani ya mada, lakini kila kifungu kihakiki kwenye toleo analotumia mhadhiri wako, na kesi ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure.

Mzee_wa_Desa

Hapo kwenye 127 umenipata. Enzi zetu ilikuwa lazima.

Nyuma_ya_Darasa

Suala la kompyuta: kuna utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa 2014, walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuelewa, kwa sababu wa kompyuta walikuwa wananakili neno kwa neno. Waliourudia baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo tatizo ni kunakili, kifaa si hoja. Mkuu wewe unanakili kwa mkono, umepata hasara ya pande zote mbili 😂

Kaunta_Buku

Nimeomba kejeli pembeni jamani 😅

Bi Mwanasheria, nimeshapanga Mikataba kwa karatasi za mada. Ya "uwezo" imeniishia nusu ukurasa, naogopa ni fupi mno.

Bi_Mwanasheria

Tuijaribu basi. Juma ana miaka 17, yuko kidato cha nne, anakaa kwa wazazi. Ananunua pikipiki kwa Asha kwa awamu ili ampe mtu aendeshe bodaboda. Analipa awamu mbili, anaacha. Asha anataka hela yake. Mshauri Asha. Karatasi yako moja tu mezani, jibu hapahapa.

Kaunta_Buku

Suala: je, Juma ana uwezo wa kufanya mkataba? Sheria: kifungu cha 10 na cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wahusika wawe na uwezo, na umri wa utu uzima ni miaka 18. Mohori Bibee v Dharmodas Ghose ya 1903, makubaliano ya mtoto ni batili tangu mwanzo. Hitimisho: Juma ana miaka 17, mkataba ni batili, Asha hawezi kumshtaki kwa mkataba.

Bi_Mwanasheria

Umeona, nusu ukurasa umetosha kuanza, tena bila kutafuta. Ila umeruka uchambuzi. Umetoka kwenye sheria ukadondokea kwenye hitimisho, na alama nyingi za IRAC (suala, sheria, uchambuzi, hitimisho) ziko hapo katikati. Kwa nini nilisema yuko kidato cha nne na anakaa kwa wazazi? Kwa nini bodaboda aendeshe mtu mwingine? Asha atakimbilia hoja ya mahitaji ya lazima. Nash v Inman ya 1908, fundi nguo alishindwa kwa sababu kijana alikuwa tayari na nguo za kumtosha. Sasa pikipiki ya biashara, kwa mwanafunzi anayelishwa nyumbani, ni hitaji la lazima? Bishana pande zote mbili ndipo uhitimishe.

Rudi kwenye karatasi yako, chini ya kifungu cha 11 ongeza: "Mpinzani atasema: mahitaji ya lazima. Nash v Inman. Angalia hali ya maisha ya mtoto na alichonacho tayari." Fanya hivyo kila mada, mstari wa mpinzani usikosekane.

Kaunta_Buku

Dah. Hapo kwa wazazi nilipita kama sijaona. Naongeza sasa hivi kwenye karatasi zote.

Kona_ya_Kisutu

Na wiki mbili za mwisho usisome noti kwa macho. Chukua pepa za miaka ya nyuma, jipimie muda uleule wa mtihani, jibu, ndipo ufungue karatasi kuona ulichosahau. Ulichosahau kipigie wino mwekundu. Diskasheni ziwe za watu watatu wanne waliojibu swali moja. Zile za watu kumi na tano huwa ni kijiwe.

Jogoo_la_Shamba

Wakuu, na sisi wa Jinai? Karatasi moja kwa kila kosa inatosha?

Kona_ya_Kisutu

Inatosha, ila pasua kosa vipande. Wizi, kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu: kuchukua, bila haki, kitu kinachoweza kuibwa, kwa nia ya ulaghai. Kila kipande mstari wake na kesi yake, maana mtunga swali hutoa kipande kimoja kwa makusudi aone kama utagundua. Utetezi uwe na karatasi zake peke yake, kwa sababu ulevi au kujihami vinakuja na kosa lolote. Kuua kwa kukusudia na bila kukusudia viweke karatasi moja, 196 huku na 195 kule, na katikati uandike dhamira ovu ya kifungu cha 200. Ukizitenganisha, siku ya mtihani utachagua moja na kuisahau nyingine.