Disco 3 imelala chini ghafla: kompresa mpya, ya mtumba, au nihamie koili?

spana_ya_sakina
Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover Discovery 3 dizeli ya 2007, ile inayokaa juu ya mipira ya hewa badala ya koili, yaani springi za chuma. Juzi natoka Engaruka kurudi town, ile barabara yenye mawimbi, nakaribia Mto wa Mbu dashibodi ikawaka taa ya njano ya sasipensheni, sijakaa sawa ikageuka nyekundu na ujumbe nisizidi 50 kwa saa, nyuma ikashuka kama mbuzi anayegoma kupelekwa mnadani. Nikatambaa nayo hadi Makuyuni na hatimaye Chuga (Arusha), kila tuta nasikia inagonga. Gereji ya kwanza wakasikiliza tu, hata mashine hawajachomeka, wakasema kompresa, ile pampu ya kujaza hewa mipira, imekufa leta hela. Fundi mwingine kasema achana na hewa funga koili upumzike. Shemeji yuko Nairobi anasema kuna kompresa ya mtumba kaiona. Siku nyingi gari ni ya mjini, ila porini nikienda naenda na mzigo. Naombeni mawazo, na tafadhali asije mtu wa "uza nunua Prado".

Kiboriloni4x4
Uza nunua Prado.
Natania mkuu 😂 na hata hizo Prado baadhi zina mipira ya hewa nyuma, kwahiyo usidhani ungekuwa umeokoka. Ngoja wajuzi waje.

fundi_umeme_pasua
Mleta mada, kabla hujatoa hata mia. Ukiwasha gari kompresa inanguruma? Imelala yote au kona moja ndo inatangulia?

spana_ya_sakina
Inanguruma muda mrefu halafu inanyamaza. Asubuhi nakuta imelala yote, ila wakati wa kushuka nyuma kushoto ndo inaanza.

fundi_umeme_pasua
Basi haijafa hiyo, inachoka. Hewa inavuja mahali, kompresa inajaza pipa lenye tundu, inapata moto, inajizima yenyewe isiungue, kompyuta inaona gari haijafika kimo ndani ya muda wake inakuwashia taa. Ukifunga kompresa mpya leo bila kuziba tundu, na hiyo mpya nayo itakufa kifo kilekile, nimeshuhudia sana hiyo.
Fanya hivi. Jioni ipandishe mpaka iishie, zima, halafu toa terminali ya betri. Hapo kwenye betri watu wengi wanaruka. Gari hizi hata ukizima kompyuta inaamka usiku, ikikuta kona moja imeshuka inazishusha na nyingine zilingane nayo, ndo maana asubuhi unakuta imelala yote na mwizi humjui. Ukitoa betri kila kona inabaki na dhambi zake. Pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda, andika, asubuhi pima tena. Ikishuka kona moja ni mpira wake au paipu yake. Wakishuka wawili wa mbele au wawili wa nyuma pamoja, angalia bloku ya valvu ya upande huo, ile inayogawa hewa kwenye kona. Halafu chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, piga kwenye mikunjo ya mpira na pale paipu inapoingia juu. Povu halidanganyi.
Na usiingie chini ya hiyo gari bila kuweka stendi kwenye chasisi. Jeki peke yake hapana. Ikimwaga hewa ghafla hupati muda wa kutoka.

ngaramtoni_koili
Yote hayo ya nini jamani. Mimi nilitoa hewa nikafunga koili na shokapu zake, tangu hapo sijui taa ya sasipensheni inafananaje. Disco 3 za bei ya chini zilitoka kiwandani na koili, sio dhambi. Vumbi letu hili na mipira ya hewa havipatani. Ukikwama huko Ziwa Natron nani anakuletea kompresa?

mama_TDV6_moshi
@ngaramtoni_koili sikatai, ila mwambie na upande wa pili. Kwenye hizi gari mpira na shokapu ni kitu kimoja, kwahiyo hununui springi tu, unanunua miguu yote minne. Pia kompyuta lazima iambiwe gari sasa ni ya koili, la sivyo itakuwashia taa maisha yako yote. Na kimo unasahau: kwa hewa unatoka kama milimita 185 za kawaida kwenda 240 ukiingia kwenye mawe. Koili ni hapohapo. Ukifunga laini ya mjini, siku umepakia madumu na hema nyuma inakaa. Ukifunga ngumu ya mzigo, mjini unarukaruka kama uko kwenye Noah ya Boma.
Mimi nimebaki na hewa. Nikatoa kompresa ya Hitachi iliyokuja na gari nikaweka ya AMK, hizi za kwenye Disco 4 za baadaye. Inajaza haraka zaidi, ila kompyuta inataka programu mpya ndo ielewane nayo, kwahiyo uliza kama fundi wako ana kifaa cha hiyo kazi KABLA hujanunua. Ukirudisha Hitachi unafunga tu. Yoyote utakayochukua badilisha na rilei, swichi ya umeme inayoiwasha, ikigandia kompresa haizimi.

kisongo_spea
Ya mtumba mi nisingenunua. Hujui imejaza matundu mangapi huko ilikotoka. Kama shemeji yupo dukani tayari, mwambie achomoe paipu aangalie ndani, akikuta unga mweupe aondoke. Ule ni dawa ya kukausha unyevu imesagika, inaenda kuziba valvu zako. Kama yako bado inasukuma, kuna kiti (seti ya vipuri) ya ringi ya pistoni na dawa mpya, inafunguliwa na kufungwa mezani.

ngaramtoni_koili
Haya mama wa Moshi nimekusikia 😅 ila swali la Natron hamjajibu.

mama_TDV6_moshi
Nakujibu meku. Unakata paipu ya kila kona unaunga kitundu cha valvu kama cha tairi, unakificha mahali mkono unafika. Ukikwama unajaza kwa pampu ya tairi unarudi nyumbani polepole. Vifaa vyake vinaingia kwenye droo ya dashibodi.

spana_ya_sakina
Mrejesho wakuu. Nimefanya ile ya betri na sabuni. Kushoto nyuma, kwenye mkunjo wa chini wa mpira, povu kama mtu anafua. Mbele zote ziko palepale. Nimeagiza mipira miwili ya nyuma, wa kulia una umri uleule sitaki kurudia kazi, na kiti ya kompresa na rilei. Vitundu vya valvu naweka humohumo. Koili naiacha kwa sasa. Nikimaliza lazima nipime kimo kwa mashine?

fundi_umeme_pasua
Kama hujagusa sensa za kimo wala mikono yake, hapana. Kikubwa usishushe gari juu ya mpira usio na hewa, utajikunja vibaya na kupasuka siku hiyohiyo. Iache kwenye stendi, jaza kwa vile vitundu mpaka mpira ukae umbo lake, ndo uanze kutoa jeki.

Kiboriloni4x4
Ile mitambo ya zamani ukitoa usitupe, ntakuja kuchukua bloku ya valvu ya mbele. Ya jirani yangu inashuka mbele zote mbili.

spana_ya_sakina
Bloku bado naitumia kaka, mpelekee hiyo dawa ya sabuni kwanza.