Tupeane uzoefu: huduma za VVU zisisimame janga likiingia

Mleta mada
Wakuu, Mei 2020, wakati wa janga la Korona, WHO na UNAIDS walikadiria kuwa dawa za kufubaza virusi (ARV) zikikatika kwa miezi 6, Afrika kusini mwa Sahara ingepata vifo vya ziada zaidi ya 500,000. Hali haikufika huko, na sababu kubwa ni vituo kubadili namna ya kuwahudumia watu. Wenye ujuzi wekeni mbinu zenyewe hapa, na namba zake.

Mfamasia wa CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), Iringa
Kutoa dawa za miezi 3 ni sahihi, ila usiwageuze wote mwezi mmoja. Chukua kituo chenye wateja 900, kila mmoja chupa ya vidonge 30 kwa mwezi: chupa 900. Ukiwapa wote miezi 3 kwa mpigo unataka 2,700, na stoo haina. Tena wote watarudi mwezi uleule, foleni uliyoikimbia inakusubiri.

Wagawe mafungu 3 ya watu 300. Mwezi wa kwanza fungu la kwanza lipate miezi 3, waliobaki mmoja mmoja: chupa 1,500. Mwezi wa pili fungu la pili: 1,200. Wa tatu: 900, na hapo unatulia. Kwa hiyo, ukiacha akiba ya kawaida, cha kuagiza mapema ni chupa 900 tu za ziada. Andika hilo kwenye fomu ya maombi kabla hujambadilishia mtu tarehe, maana ombi linalofuata matumizi ya nyuma litaletewa dawa za kiasi kilekile cha nyuma.

Jambo la pili: wengi huhamishia vidonge kwenye kimfuko kwa sababu chupa hulia kama kayamba ndani ya mkoba, na abiria wote wanageuka. Tafadhali waelezeni wasihamishe. Vibaki kwenye chupa yake, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, joto lisizidi nyuzi 30. Chupa izongwe khanga.

Nesi, Kisumu
Mfamasia amesema vyema, ila hesabu hiyo ni ya watu wazima. Mtoto wa kilo 9.5 anakunywa dolutegravir, mojawapo ya ARV, ya 10 mg kidonge kimoja na nusu. Akifika kilo 10 ni viwili. Ukimpa miezi 3 bila kumpima katikati, atamaliza chupa akiwa kwenye dozi ndogo. Mama apewe tarehe ya mizani, hata kama ni zahanati ya jirani, na uzito usomwe kwa simu.

Sampuli ya damu ya kumpima VVU mtoto wa wiki 6 nayo isiahirishwe. Tone lijaze duara mpaka lionekane upande wa nyuma wa kadi, maduara yote 5. Kadi ilazwe bapa kivulini, isiguswe, ikauke angalau saa 4. Ikifungwa mbichi maabara wataikataa, na mama atarudi tena bila jibu.

Mashine za kupima wingi wa virusi zikibebeshwa Korona, watangulie watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye dalili kuwa dawa haifanyi kazi. Mtu mzima ambaye virusi vyake vimefubaa anaweza kusubiri.

WAVIU mshauri (anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake)
Ukipeleka dawa nyumbani, piga simu siku 7 kabla, siyo asubuhi ileile. Uliza nani anaweza kupokea simu hiyo na mzigo uitweje. Gari lenye maandishi ya mradi lisisimame mlangoni kwa mtu. Bodaboda anayefahamika mtaani inatosha. Kila mmoja awe na picha ya lebo ya chupa yake, ili akikwama safarini kituo chochote kijue cha kumpa.

Mdau wa kinga
Naomba kinga isiachwe nyuma. PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya mtu kuwa hatarini kuambukizwa, haina miadi: ianze ndani ya saa 72, na vidonge vya siku zote 28 vitoke siku hiyohiyo.

Kuhusu kujipima, Bunge la Tanzania liliruhusu Novemba 2019. Kwa kipimo cha kinywani, usile wala kunywa dakika 15 kabla. Pitisha kijiti ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, kiingie kwenye kichupa, soma kati ya dakika 20 na 40. Mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, nenda kituoni ukathibitishwe. Anayetumia ARV asijipime kwa hicho. Kinaweza kumwonyesha hana virusi, akaacha dawa.