Tuna bwawa la Rufiji, kwa nini kaskazini ipewe umeme wa Ethiopia?

Rufiji Kwanza:
Machi 2025 Rais Samia, akiwa Kilimanjaro, alisema Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie mikoa ya kaskazini. Bwawa la Julius Nyerere, ndilo hilo la Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati (MW) 235, jumla MW 2,115. Na Machi 2024 vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mwenye kisima hanunui maji kwa jirani. Nipeni hesabu, si siasa.

Fundi Laini:
Mkuu, kisima chenyewe hakipo uani. Umeme wa Rufiji unafika Chalinze kwa kilovolti (kV) 400, vizuri kabisa. Kutoka hapo kwenda Moshi na Arusha ndipo penye kazi: kuna laini ya zamani ya kV 132 inayopita Hale, au uzunguke Singida na Babati. Kusafirisha MW 100 kwa kV 132 kunahitaji mkondo wa ampea kama 437. Kwa kV 400 ni ampea 144. Upotevu hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo waya wa unene uleule unapoteza mara 9. Mwisho wa laini volteji inashuka, mota za viwandani zinavuta mkondo zaidi na kuungua. Ziada ya Rufiji haimsaidii mtu wa Arusha kama njia ni nyembamba.

Rufiji Kwanza:
Basi dawa ni kumaliza laini ya kV 400 ya Chalinze hadi Dodoma, iungane na ile ya Singida–Namanga, mpakani na Kenya. Wewe unalalamikia umbali, halafu unaniletea umeme uliosafiri kilomita elfu na ushee kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya!

Fundi Laini:
Silalamikii kilomita, nalalamikia volteji ndogo. Ile ya Ethiopia ni kV 500 ya mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Chalinze–Dodoma nakubaliana nawe.

Kalamu ya Mkataba:
Mnabishania nyaya, pesa iko kwenye vipengele. Kenya ilianza kupokea umeme wa Ethiopia Novemba 2022: mkataba wa miaka 25, MW 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, senti 6.5 za dola kwa uniti. Laini inabeba MW 2,000, nafasi ipo. Sisi tutaongeza ada ya kuupitisha Kenya. Swali la kwanza: mita ya malipo iko Suswa au Namanga? Ikiwa Suswa, kinachopotea njiani ni chetu. La pili: ni "lipa hata usipotumia"? Kama ndivyo, masika Rufiji itamwaga maji huku tukilipia umeme wa mwenzetu.

Mimi ningeanza na kubadilishana. Visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria, Kenya, havipendi kupunguzwa usiku, mahitaji ya Kenya yakishuka mvuke unaachiwa hewani. Tuchukue umeme huo saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, tuzuie maji bwawani, tuwarudishie saa 1 hadi saa 4 usiku wanapohitaji.

Mto Kagera:
Umeme wa bwawa la Rusumo, MW 80, tunagawana sawa na Rwanda na Burundi. Ushirikiano wa hivyo hauna ada ya kupitisha wala kelele.

Swichiyadi:
Rusumo ni ndogo, haiwezi kuangusha gridi. Hii laini ya kuungana na Kenya inaweza. Ethiopia na Kenya zimeunganishwa kwa mkondo mnyoofu, masafa (mara ambazo umeme hugeuka kwa sekunde) hayachanganyiki. Kenya na sisi ni mkondo geu, ule unaogeuka-geuka: masafa ya hezi 50 ni yetu sote. Mtambo mkubwa ukikatika upande mmoja, masafa yanashuka pande zote mbili. Kama relei (swichi za ulinzi zinazojikata zenyewe) za huku zinakata mzigo kwenye hezi 49 na za kule zinasubiri 48.5, sisi tunazima wateja kumwokoa jirani, laini ya mpakani inazidiwa, inakatika, na giza linaingia kote. Kwa hiyo, kabla ya bei: viwango vya relei vilingane, na akiba inayozunguka (nguvu ya ziada ya mitambo iliyokwisha kuwashwa) ifikie angalau MW 235, yaani mtambo mmoja wa Rufiji.

Jambo jingine husahaulika. Laini ya kV 400 yenye kilomita 500 na mzigo mdogo hupandisha volteji yenyewe. Rieakta (kifaa cha kuishusha volteji hiyo) ya upande mmoja ikiwa kwenye matengenezo, usiwashe laini.

Rufiji Kwanza:
Ya relei nimeipokea. Ya miaka 25 siipokei.

Kalamu ya Mkataba:
Hata mimi. Miaka mitano, isizidi, na kipengele cha kupunguza megawati siku Chalinze–Dodoma itakapowashwa.