Mafuta ghafi yenye nta yanaganda kwenye bomba, hizi polima zinasaidia kweli?

bomba_refu:
Wakuu habari zenu. Tuna mafuta ghafi yana nta ya kufa mtu, yakiwa na moto yanatiririka vizuri tu ila yakishuka chini ya nyuzi 30 hivi yanakuwa uji, na pampu ikisimama usiku ndo basi tena. Tumeletewa sampo ya polima ya EVA (molekuli ndefu ya ethilini na vinili asetati), tumeitia maabara kwenye mafuta yaliyopoa tukakoroga weee, hakuna kitu. Hizi dawa zinafanya kazi au ni biashara za watu?

mzee_wa_nta:
Zinafanya kazi mkuu, shida ni muda mlioitia. Polima haiyeyushi nta iliyokwisha kuganda na wala haizuii nta kuganda, inachobadilisha ni umbo la fuwele, yaani zile punje za nta inayoganda. Bila dawa, fuwele zinakua kama vibapa vyembamba vipana, vinashikana vinafungia mafuta katikati, yaani hata asilimia 2 tu ya nta iliyoganda inaweza kusimamisha mafuta yote. Sasa polima ikiwemo tangu mwanzo, kipande chake kinachofanana na nta kinaganda humohumo na kile cha vinili asetati kinabaki kinazuia fuwele zisijiunge, fuwele zinabaki vidonge vidogo vidogo na mafuta yanapita. Kwa hiyo pasha mafuta mpaka nta yote iyeyuke, tia dawa, changanya, ndo uache yapoe.

kemia_tu:
Naongezea hapo, EVA yenyewe ikipata baridi inaganda ndo maana inayeyushwa kwanza kwenye viyeyushi kama zailini au tolyuini. Na kama nta yenu ni ya molekuli zenye minyororo mirefu jaribuni pia poliakrileti, polima za aina nyingine, zenye mikia mirefu, mkia unatakiwa ulingane na nta. Halafu msipashe nusunusu baada ya hapo, nta ikiyeyuka kiasi tu ikaganda upya mafuta yanaweza kuwa mabaya kuliko mwanzo.

bomba_refu:
Asanteni sana. Dozi je? Na ile nta inayojishika ukutani mwa bomba nayo inaisha?

mzee_wa_nta:
Anzeni gramu 200 kwa tani mpande taratibu hadi 1,000, kuna mahali ukizidisha haisaidii tena. Ya ukutani ni habari nyingine, kukwangua bomba kuko palepale. Na msiangalie joto la kugandia peke yake, acheni mafuta yatulie kwenye baridi ya bomba lenyewe mpime presha ya kuyaanzisha tena, hiyo ndo itawaambia kama pampu yenu inaweza.