Mrejesho: Wi-Fi ya Linux Mint imeshika

Jamani nimerudi. Wiki jana niliwauliza mbona laptopu haioni Wi-Fi kabisa tangu nitoe Windows 10 nikaweka Linux Mint (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), sasa imeshika alhamdulillahi! Nilifanya vile mlivyonambia, nikachomeka simu kwa waya wa USB nikashea bando, intaneti ikaingia, ndo nikafungua ile programu ya madraiva (Driver Manager) ikaleta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kadi yangu ya Wi-Fi, nikaristati, basi.

Lakini terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ilintesa wallahi, kwangu nikiandika paswadi hakukuonekana hata nukta moja, nikadhani kibodi imekufa, karibu niipeleke kwa fundi Mwembe Tayari, kumbe inaandika tu, wewe maliza ubonyeze Enta. Wageni waambiwe mapema jamani kuwa hili laweza kutokea. Printa bado, nitaijaribu kesho. Ahsanteni sana.